Hakuna Lumbesa Kwenye Waya

Makambako, Juni, saa moja asubuhi.
Upepo umeingia bila hodi,
na nyuma yake Bwana Chaula,
koti la sufu, mkataba mkononi.
"Soma hapa, fundi. Kumi.
Kila mwezi nalipia kumi.
Kwenye kioo naona moja na kitu.
Tisa zinalala wapi?"

Nje, Twilumba anapima viazi vya Wanging'ombe.
Magunia yamefungwa shingoni, sawasawa,
hakuna lumbesa:
tangu faini ile ya mwaka jana
bosi hataki hata kulisikia jina.

Nikamwambia: wao wameandika kwa biti,
kioo chako kinasoma kwa baiti.
Biti nane, baiti moja.
Ni kama mtu akuuzie viazi kwa kuhesabu kimoja kimoja
nawe upokee kwa sado.
Kumi, gawa kwa nane.

Akatoa simu, akabonyeza kwa gumba lenye udongo.
Moja, nukta mbili tano.
"Mimi naona moja nukta moja."

Hapo toa gunia lenyewe, nikasema,
toa kamba, toa karatasi yenye jina la mwenye mzigo.
Kila pakiti husafiri na nguo zake,
na nguo zina uzito.

Akanyamaza. Si kwamba alikubali.
Mtu aliyepunjwa na madalali miaka kumi na saba
hafarijiwi na hesabu ya kugawa.
"Haya. Na mchana? Mchana inakuwa nusu ya hiyo."

Hapo sikuwa na jibu.

Nikalala ofisini, au tuseme nilikesha,
blanketi begani, jiko la mkaa nje ya mlango.
Nikachomoa kila waya kwenye swichi.
Nikaacha kompyuta moja, tena kwa waya,
maana hewani hata ukuta unakula.
Nikapima saa nne, saa sita, saa tisa,
si kwa mashine ya jirani inayotaka kukupendeza,
bali mpaka Dar, na kuvuka Dar.
Nyuma ya risiti ya mbolea nikaandika:
tisa nukta nne.
Tisa nukta tano.
Tisa nukta nne.
Kushusha hivyo, kupandisha hivyo.
Kwenda Dar na kurudi, milisekunde kumi na nane,
kope haijagusa kope.

Kampuni haikuiba hata kiazi.

Saa kumi na mbili, wapakiaji wakiingia wakipuliza viganja,
nikaanza kurudisha waya mmoja mmoja.
Chomeka, pima. Chomeka, pima.
Wa mhasibu: tisa.
Wa printa: tisa.
Wa sita, ule mweusi unaopanda darini,
tano.

Nikaufuata kwa tochi.
Kamera nne, za mwezi ule ule wa faini.
Lango. Uwanja. Mlango wa ghala.
Na moja juu kabisa ya mzani,
inatazama mikono ya Twilumba,
inaipeleka ng'ambo ikahifadhiwe,
kila kidole, kila mara kinaposogea.
Watu wakilala, hulala nao.
Watu wakiamka, hunywa waya.

Bosi alipofika sikumwambia kitu.
Nilimgeuzia kioo tu:
lango, koti la sufu, mtu anaingia,
anakung'uta viatu.
Yeye alikuwa keshakaa.

Akajitazama akiingia mpaka mwisho.

"Nizime ipi?" nikauliza.
Dirishani, mzani ulilia, namba ikatajwa,
sauti ya msichana, safi, haina haraka.
"Zima ya uwanja," akasema. Kisha,
bila kuniangalia:
"Ya mzani usizime. Ipunguze tu."

Nimeipunguza.
Sasa kioo kinasoma moja nukta moja, asubuhi mpaka jioni,
na bosi ameacha kubeba mkataba.
Mikono ya Twilumba bado inakwenda ng'ambo,
vipande vikubwa vikubwa vya kijivu,
huwezi kujua vidole viko vingapi,
kama mtu anayepima viazi
ndani ya ukungu.